Njuga za Bibi Miguuni mwa Bupe

Kitu cha kwanza nilichokiona ni njuga zilizofungwa kichwa chini miguu juu.

Nilikuwa nimeinama nyuma ya pazia, namkazia mbuzi kamba ya shingoni, nikaiona miguu ya mtu mbele yangu. Anayezijua njuga huzifunga vyuma vikaning'inia. Hizi zilitazama juu kama vikombe vinavyosubiri chai. Chuma kimoja hakikuwepo, na mahali pake palishonwa kwa uzi mwekundu.

Uzi ule niliushona mimi, Bibi akiwa bado hai, na njuga zenyewe aliniachia mimi.

Nikapandisha macho taratibu. Goti. Gauni refu la maua, kalipandisha kwa mkono. Uso wa Bupe.

"Zinanipendeza?" akaniuliza.

"Zinakupendeza, dada."

Ndiyo, nilijibu hivyo. Mimi moyoni nachoma nyumba ya mtu, mdomoni namkaribisha chai.

"Nani kakupa?" nikajikaza kuuliza.

"Si wewe?" akacheka, akaenda zake jukwaani.

Nilidhani ananikejeli. Lishikeni hilo jibu lake, maana mimi sikulishika.

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza usipate taabu, habari yenyewe si ndefu. Mimi ni Ruthu wa Bahi. Shule niliiachia darasa la tano, mwaka mama alipofariki. Mwalimu Castory alinisikia nikiimba kanisani akanichukua kambini kwake Ihumwa, kambi ya likizo ambako vijana wa shule za mjini hufundishwa kuigiza, kuimba na kucheza. Mwaka huu igizo la mwisho lilikuwa lipigwe picha liwe filamu. Kichekesho cha vijana waliomficha mbuzi bwenini ili mpishi asimchinje.

Msichana mkuu nilikuwa mimi. Na wimbo wa kumalizia ulikuwa wimbo wa kwetu, niliokuja nao mwenyewe kutoka Bahi.

Wiki iliyopita niliishia pale Mwalimu aliponiita pembeni akaniambia nafasi yangu kapewa Bupe wa Miyuji, ambaye baba yake ni mkubwa serikalini.

"Nimekosa nini, Mwalimu?"

"Hukukosa, Ruthu. Nimeambiwa jukwaa linakutisha. Mimi si mtu wa kumlazimisha mtoto wa mwenzangu."

"Na wimbo?"

"Wimbo wa asili ni wa wote, mama. Hauna mwenyewe. Utamfundisha Bupe."

Kuna neno ningelisema palepale, mambo yangekwisha. Nikalimeza, kama nilivyolimeza miaka yote.

Mimi nikapewa kamba ya mbuzi.

"Wewe si wa Bahi?" akanitania Brighton, kijana aliyeigiza mpishi. "Ongea naye Kigogo, atakuelewa."

Kambi nzima ikacheka. Hata Penina alicheka.

Penina ni mtoto wa mama mdogo Yasinta, mdogo wake marehemu mama, aliyenilea. Tumekula sahani moja, tumegombania blanketi moja. Yeye yuko sekondari. Alikuja kambini kupiga ngoma, na, kwa kuwa kusoma kwangu bado kulikuwa kwa kusuasua, ndiye aliyekuwa akinisomea maneno ya igizo sentensi kwa sentensi mpaka nikayashika yote kichwani. Nilipomlilia kuhusu Bupe, alinifuta machozi kwa upande wa kanga yake.

"Achana nao, dada," akasema. "Watu wakubwa hao."

Tangu siku ile nilikuwa na haja moja tu duniani. Bupe aaibike, tena baba yake akiwa amekaa mbele.

Kwetu Bahi ardhi ina chumvi. Mbuzi akikosa majani analamba udongo, akikosa udongo analamba ukuta. Mbuzi yule wa kambini alikuwa ameletwa kutoka huko huko, na Ihumwa hakuna aliyekumbuka kumpa chumvi.

Asubuhi ya onyesho nililikuta gauni la Bupe kwenye kamba ya nguo. Nikachota chumvi jikoni, nikaikoroga kwenye kopo la maji, nikalilowesha gauni kuanzia kiunoni kushuka chini. Jua la Dodoma mnalijua. Kufikia chai lilikuwa limekauka.

Kisha nikaanza kujuta. Kweli nilijuta. Nilipokuwa nimeinama nyuma ya pazia nilikuwa natafuta namna ya kumwambia abadilishe nguo.

Nilipoziona njuga, majuto yakaisha.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wazazi walikaa mbele, baba yake Bupe katikati yao, na mpiga picha alikuwa amesimamisha kamera yake kwenye njia.

Zamu yangu ikafika. Nikaingia na mbuzi.

Kwa kweli ni mbuzi aliyeingia na mimi. Alinusa hewa, akanikokota, akamfikia Bupe na kuanza kumlamba gauni kama mtu aliyekuta pilau.

Bupe akapiga ukunga. Akakimbia kulia, mbuzi kulia. Akakimbia kushoto, mbuzi kushoto. Akapanda juu ya benchi, mbuzi naye akaweka kwato mbili kwenye benchi, akaendelea na kazi yake.

Mimi nimelegeza kamba. Nasubiri alie.

"Mwacheni!" Brighton akapaza sauti, mwiko wa mpishi mkononi. "Kaja kuposa!"

Ukumbi ukaripuka.

Na Bupe, badala ya kulia, akashuka kwenye benchi. Akapiga goti kwa adabu mbele ya mbuzi, akafunika kichwa kwa kanga.

"Shikamoo, baba," akamwambia. "Mahari tunapokea ng'ombe tu. Ndugu zako hatuwataki."

Jamani! Watu walicheka mpaka mama mmoja akavua miwani. Baba yake Bupe alikuwa anapiga mapaja. Nilipomrudisha mbuzi nyuma ya pazia, Mwalimu Castory alinishika mabega, machozi yanamtoka.

"Hiyo inabaki kwenye filamu! Ruthu, umemfundisha nini huyo mbuzi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Una kipaji, wewe! Kipaji cha wanyama!"

Nilitaka kumvua nguo mbele za watu, nikamvika taji.

Nilikuwa bado nimekaa sakafuni na mbuzi wangu, nauma kucha, niliposikia mlango wa nyuma.

"Mbukwenyi!"

Salamu ya Kigogo. Wanawake wa Bahi walikuwa wamefika. Mwalimu alikuwa amewaalika waje kupiga ngoma kwenye wimbo wa mwisho, zile ngoma za muheme ambazo mwanamke huzibana kwa magoti. Walikuwa wamefunga kanga za kufanana, shanga shingoni, vumbi la njiani bado miguuni. Mama mdogo Yasinta ndiye aliyewaongoza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeshika kamba? Si unaimba?"

"Anaimba Bupe."

"Bupe ndiye nani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Mama mdogo akamtazama kuanzia juu, lakini gauni lilikuwa limefunika miguu.

"Umemfundisha?"

"Nimemfundisha."

"Na kufunga?"

Nikajifanya namkazia mbuzi kamba.

"Ruthu. Na kufunga umemfundisha?"

Mwalimu akaita wapigaji jukwaani. Mama mdogo akanitazama kidogo, akabeba ngoma yake, akaenda kukaa mstari wa mbele karibu na Penina.

Niwaeleze kufunga ni nini.

Uani kwa Bibi, wimbo haukomi kwa sababu mtu kachoka. Aliyeuanza ndiye anayeufunga. Anaita, "Mwenye wimbo!" Wanawake wanainua mikono, wanaitikia, "Mwenye wimbo!" Kisha analitaja jina la aliyeutunga. Wanalipokea jina hilo kwa pigo moja, ngoma zinanyamaza. Lisipotajwa, hakuna anayeacha kupiga. Kuuacha wimbo wazi ni kumdharau mwenyewe, awe hai au kaburini.

Kambini tulifanya mazoezi na wanafunzi. Mwalimu akipiga kofi, wananyamaza. Bupe alijua wimbo unaisha kwa kofi la Mwalimu. Nilimfundisha kila neno na kila hatua. Kufunga sikumfundisha.

Mnasema ni roho mbaya? Semeni. Ilikuwa mbaya.

Ngoma zikaanza. Bupe akaimba, na sitawadanganya, aliimba vizuri. Watu wakasimama. Akaimba mpaka mwisho, akainua mikono, akatabasamu kwenye kamera.

Mwalimu Castory akapiga kofi.

Ngoma zikaendelea.

Akapiga kofi tena, kubwa zaidi. Wanawake wakafurahi kwamba mwalimu kakolea, wakaongeza kasi.

Bupe akarudi ubeti wa kwanza. Akafika mwisho. Kofi. Ngoma. Akarudi tena. Wageni walikuwa wanacheza bado. Aliporudia tena wakaanza kutazamana. Jasho lilimtoka Bupe mpaka wanja ukafika mashavuni, na njuga zilizofungwa vibaya zilikuwa zinakwaruza kama sufuria kwenye saruji.

Brighton akapita karibu naye akijifanya anacheza.

"Dada, maliza basi!"

"Namalizaje? Hawa mama hawasikii!"

Baba yake alikuwa ameacha kupiga makofi. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Ndicho nilichokitaka. Nilikaa na mbuzi wangu nikakionja, kitamu kama asali ya nyuki wadogo.

Mwalimu akanijia mbio.

"Ruthu! Nenda kawanyamazishe!"

"Mimi ni wa mbuzi, Mwalimu."

"Tafadhali! Hao ni mama zako!"

"Si ulisema wimbo hauna mwenyewe? Usio na mwenyewe haufungwi."

Akanitazama kama vile mbuzi ndiye aliyesema. Nadhani yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasikia kutoka kwangu.

Jukwaani sauti ya Bupe ikakatika. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akapiga magoti, safari hii si kichekesho, na ngoma ziko palepale.

Nikainuka. Nikamkabidhi Mwalimu kamba. Akaipokea huku anashukuru, akidhani naenda kuokoa.

Sikwenda kuokoa. Nilikwenda kumaliza kazi.

Nilipochukua kipaza sauti, wanawake wa Bahi walipiga vigelegele. Sauti yangu ilitoka nzima. Kwetu mwimbishaji ana mamlaka moja kubwa. Neno analolitupa, waitikiaji wanalidaka lilivyo, hata kama ni jipya, hata kama ni tusi. Nikatupa langu kwa Kigogo. Hapa nawaandikia kwa Kiswahili.

"Kuna mtu kavaa njuga za marehemu!"

"Kavaa njuga za marehemu!"

"Hakupewa, kachukua!"

"Hakupewa, kachukua!"

Watu wa mjini wakaanza tena kucheza, hawajui wanachezea nini. Lakini macho ya wanawake wa Bahi yalishuka yote miguuni kwa Bupe, pale alipopiga magoti na gauni kupanda. Mama mdogo aliuona uzi mwekundu. Njuga zile zilikuwa za mama yake mzazi. Uso wake ukabadilika, akaikamua ngoma kwa magoti, akapiga kama anatwanga.

"Mwizi ni nani?" nikatupa.

"Mwizi ni nani? Mtaje!"

"Mtaje" hawakulipata kwangu. Aliliongeza mama mdogo, na wenzake wakalidaka.

Nikamsogelea Bupe. Jina lake lilikuwa limeshakaa kwenye ulimi. Akanidaka mkono.

"Dada Ruthu, wanaimba nini? Mbona wananitazama miguu?"

"Wanaziimba njuga ulizoiba."

"Nimeiba?" Sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona tu. "Kaniletea Penina! Kasema umenipa kwa moyo mmoja. Kasema wewe jukwaa hulitaki, linakutisha, umemtuma yeye akamwambie Mwalimu."

"Penina gani?"

"Penina wako! Si ndiyo sababu mama yangu kakubali aje kukaa kwetu Miyuji, asome mjini? Dada, mimi nilijua unajua!"

Nikageuka.

Penina alikuwa mstari wa mbele, ngoma katikati ya magoti, bega kwa bega na mama yake. Mikono ilikuwa inapiga. Macho yalikuwa sakafuni.

Na pembeni yake mama mdogo alikuwa anaimba kuliko wote, mishipa ya shingo imesimama, kwa hasira ya kunitetea.

"Mwizi ni nani? Mtaje!" Kisha, nje ya wimbo, "Mtaje, mwanangu! Usiogope, tupo!"

Mwanangu. Huyu ndiye aliyenibeba siku ya mazishi ya mama, nikiwa na miguu mirefu ya kukokota chini, hakukubali nitembee. Na nikilitaja jina la bintiye, litapokelewa kwa kinywa chake yeye kwanza. Atalipigia ngoma kabla hajalisikia.

Penina akainua uso.

Nilitegemea ataniomba kwa macho. Hakuniomba. Alinitazama kwa utulivu, akatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayemwambia mtoto kwamba kisima ni kirefu, hutafika. Alikuwa hana wasiwasi. Alinijua. Alikuwa amenisomea kila sentensi na kunifuta kila chozi, akajua kwamba unaweza kumchukulia Ruthu chochote, kwa sababu Ruthu hasemi.

Hasira niliyomwekea Bupe ilikuwa kibiriti. Hii ilikuwa pori zima.

"Mwenye wimbo!" nikaita.

Wanawake wakashtuka, maana mwizi hajatajwa, lakini desturi ni desturi. Mikono ikapanda juu.

"Mwenye wimbo!"

Walikuwa wanamngoja Bibi. Siku zote ulifungwa kwa jina la Bibi Miriamu. Nilipouimba mara ya kwanza shambani, tukipalilia mtama, Penina aliniuliza nimeutoa wapi, nikasema kwa Bibi. Nani angempokea mtoto aliyeshindwa shule, anatunga wimbo mbele ya watu wazima? Bibi alinisikia nikisema hivyo. Akanitazama, akaendelea na jembe lake, akanitunzia siri yangu mpaka kaburini.

Mikono yote ilikuwa hewani. Kamera ilikuwa inanitazama. Mbuzi akalia mara moja, Mwalimu akamziba mdomo.

Nikaacha Kigogo. Nilitaka hata wa Miyuji wasikie.

"Si Bibi," nikasema. "Wimbo huu nimeutunga mimi. Mimi Ruthu. Na aliyeniibia tumekua tukilala mkeka mmoja."